Mlango wa Washarika

Harufu ya kuni mbichi za mwati ikinijia, popote nilipo, najiona nimekaa ndani ya dirisha la nyumba yetu ya Iringa. Ndani kabisa, maana kuta zilikuwa za mawe, nene kiasi kwamba mtoto aliweza kukunja miguu pale na kusoma, pazia likiwa mgongoni.

Zamani ilikuwa nyumba ya mchungaji. Usharika ulipojenga nyingine karibu na kanisa jipya, baba, mfanyabiashara wa mbao, akainunua. Ilikuwa na mlango wa wenye nyumba, na mwingine pembeni, ulioingia kwenye chumba kidogo chenye meko ya ukutani na benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta. Hapo washarika walimsubiria mchungaji. Basi waliendelea kuja. Wengine hawakujua kwamba nyumba imeuzwa; wengine walijua fika, ila miguu ilishazoea.

"Kamwene, mama!" waliita mlangoni. Mama, Mnyakyusa wa Tukuyu asiye na ndugu hata mmoja pale Iringa, aliwajibu kwa Kihehe chake cha kuokoteza mpaka wakacheka. Kisha moto uliwashwa, chai ikachemka, na habari za mahindi, mimba na wakwe zikasikilizwa mpaka mwisho.

Baba alimhurumia. "Mimi nimenunua nyumba, sijanunua uchungaji," alisema mezani. "Mama Neema, hawa watu watakumaliza." Akaleta fundi, mlango ukazibwa kwa matofali, na chumba nikapewa mimi, niliyekuwa nimechoka kulala na wadogo zangu wa kiume. Nilirukaruka kwa furaha. Mama alisema tu, "Asante, Baba Neema," akaenda jikoni. Sote tukadhani amefurahi.

Wageni walikuja mara chache tena, wakapapasa ukuta, wakaona haya kugonga mlango wa wenyewe, wakarudi. Kihehe cha mama kikaishia hapo. Jioni alikuwa akija chumbani kwangu kukunja nguo ambazo zilishakunjwa, akakaa kwenye lile benchi. Nikadhani ananichunguza kama nasoma.

Nilipohamia Mbeya kikazi, nikawa napita katikati ya makelele ya soko la Mwanjelwa bila hata mtu mmoja wa kuniuliza nimeamkaje, ndipo nilipomwelewa mama. Wale wageni hawakuwa wakimchosha. Ndio waliokuwa ndugu zake, na sisi tuliwafungia nje huku tukimpongeza. Inaniuma mpaka leo.

Baba ameshatangulia. Mwaka jana nilileta fundi, akabomoa matofali na kuweka mlango mzuri wa mninga. Mama alipangusa benchi, akawasha moto, akateleka birika kubwa. Hufanya hivyo kila siku, na mimi humpigia simu jioni.

"Amekuja mtu?" huwa namuuliza.

"Bado, mwanangu. Labda hawajasikia."