Malkia Aliyepanda Baiskeli Hadi Ukanc

Nitakayosema hapa hamtayaamini, na wala sitawagombeza. Hata mke wangu, aliyeniamini nilipomwambia kwamba nilipanda mlima Triglav na pipa la bia mgongoni, hili alilikataa. Lakini mwenye kisa yu hai, yuko jikoni nyuma yangu anakanda unga, na kwa kuwa amefungulia redio, nitasema kwa sauti ya chini na nitasema yote.

Mwenyewe ni Lojzka, shemeji yangu, mke wa kaka yangu Tone. Mwanamke mfupi, mabega ya mpasua kuni. Kwao ni Ukanc, kule ziwa letu linakoanzia, nyumba chache tu na milima imezisimamia kama polisi. Maisha yake yote amefua shuka za wageni hotelini. Nyuki walikuwa wa Tone. Tone alikuwa na kibanda cha mbao, mizinga imepangwa ndani kama droo za kabati, na kila mzinga ubao wake wa mbele umechorwa picha. Mmoja una mashetani wawili wanaunoa ulimi wa mwanamke mmbea kwenye jiwe la kunolea visu. Tone alizoea kusema, "Mke wangu, wamekupatia kweli hapa." Naye humjibu, "Huyo si mimi. Huyo ni mdogo wako Cene, wamemvisha gauni tu."

Cene ni mimi. Basi mnaona nilivyoishi.

Tone akafa mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika madirishani. Kwetu bwana wa nyuki akifa, kabla jeneza halijatoka, mtu wa nyumbani huenda kibandani, akagonga kila mzinga, akawaambia nyuki: bwana wenu amekufa, msiende popote, sasa mtakaa na mimi. Wasipoambiwa huondoka, au hufa palepale walipo. Lojzka alilijua hilo tangu ana meno ya utoto. Akavaa mabuti, akafika mlangoni, akashika komeo. Kisha akarudi ndani kuwachemshia waombolezaji kahawa.

Mdomo ulikataa. Na ulipokataa siku ile, ukakataa moja kwa moja. Ukimtaja Tone, atakwambia "hayupo sasa hivi," kama kwamba mtu ametoka kununua misumari.

Majira ya maua yalipofika, mizinga yote ilikuwa kimya isipokuwa ule wa mashetani. Na huo nao ulikuwa unalia. Nyuki waliofiwa na malkia hawavumi kama wengine. Hunung'unika, sauti inapanda na kushuka bila kutulia. Wasomi watakwambia ni baridi iliyoua. Sawa, sibishani na wasomi. Lojzka aliweka sikio kwenye ule ubao akajua ni nani aliyewaua wenzao. Hao ndio nyuki wa Tone waliobaki duniani. Bila malkia mpya, kabla nyasi hazijakatwa mara ya pili wangekuwa vumbi.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa sita akaitoa baiskeli ya Tone, ile nyeusi ya kiume yenye upau juu, aende kununua malkia. Nikamwambia, "Shemeji, panda garimoshi pale stesheni ya Bistrica kama binadamu."

"Malkia hapandi garimoshi. Tone anasema hufika amelewa."

Anasema. Mmesikia? Ningekwenda mimi mwenyewe, nami enzi zangu niliwahi kulipita basi la kwenda Bled kwenye mlima, lakini goti langu siku hiyo lilikuwa na maoni tofauti.

Akaondoka. Ziwa lilikuwa limetulia tuli kama uji uliopoa, milima imelala ndani yake kichwa chini. Njia inafuata ukingo chini ya miti, kivuli na mwanga, kivuli na mwanga, mpaka kwenye daraja la mawe na kanisa la Mtakatifu Yohane. Hapo ziwa linaacha kuwa ziwa, linakuwa mto Sava. Na Lojzka hakusimama. Aliambatana na mto, maji ya kijani upande mmoja, ng'ombe upande mwingine, na kila alipofika kwenye mteremko aliachia miguu ikaning'inia kama msichana.

Pale Nomenj mzee Florjan alikuwa anageuza majani yake makavu. Florjan ni mtu wa shambani kwake, habari za juu ziwani humfikia zikiwa zimeshachakaa. Akaitambua baiskeli kabla ya mtu.

"Oho! Mwaka huu Tone kamtuma mama? Amezeeka, eh? Au amelewa?"

"Yuko nyumbani," Lojzka akasema.

"Mwambie ni mvivu!"

"Nitamwambia."

Akakanyaga kwa nguvu mpaka akaingia kwenye korongo la Soteska, pale miamba inapoubana mto na barabara na reli vyote vipite kwa zamu. Ubaridi wa pale hauondoki hata kiangazi. Ukitoka upande wa pili umefika Bohinjska Bela, kwa Drejc, mfugaji wa malkia. Yule ana ndevu za rangi ya nta, hasalimii mtu mpaka amalize anachofanya.

Alipomaliza, akasema, "Dada Lojzka. Kaa. Kunywa maziwa." Kisha, "Malkia ninaye. Lakini kwanza niambie. Uliwaambia?"

Lojzka akatazama kikombe. "Wewe Drejc, nimekuja kununua au kuungama?"

"Kwangu ni duka moja. Uliwaambia?"

"Sikuwaambia."

"Hata mmoja?"

"Nilifika mlangoni."

Drejc hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Akaleta kijumba cha mbao, ukubwa wa kiberiti, wavu upande mmoja, tundu limezibwa kwa sukari iliyokandwa. Ndani malkia mrefu, mwekundu kidogo kama shaba, na watumishi wake wachache.

"Sikiliza," akasema. "Hawa wako wanamngoja mtu. Ukiwaingizia mgeni kwenye nyumba ambayo bado inangoja, watamwua. Waambie kwanza. Kwa mdomo wako, kwa jina lake, kwa neno lenyewe. Si 'ametoka', si 'amepumzika'. Kisha ndipo umtie. Na kabla jua halijaondoka kwenye ubao wao, maana usiku hawapokei mtu. Huyu ndiye wa mwisho niliye naye mpaka mwezi ujao."

"Mpaka mwezi ujao watakuwa wamekwisha."

"Najua, dada."

Lojzka akamweka malkia kifuani, ndani ya blauzi, na safari ya kurudi ikaanza, nayo ni ya kupanda. Katikati ya Soteska mvua ikamkuta. Si mvua ya kutisha, ila ya baridi, ile inayoshuka milimani kama ametumwa mtu aimwage. Lojzka alihisi kile kijumba kinatetemeka kwenye ngozi yake, kisha akahisi hakitetemeki tena. Akakazana mpaka Nomenj, akajitosa chini ya paa la chanja la Florjan la kukaushia majani, akakitoa, akakipulizia pumzi ya moto. Akapuliza tena.

"Usinifanyie hivi, mama," akamwambia malkia. "Wewe nawe usinifanyie."

Mguu mmoja ukasogea. Halafu watumishi wakaanza kumlamba.

Florjan akaja mbio na gunia kichwani. "Unazungumza na matiti yako, Lojzka?"

"Ndiyo yanayosikiliza, Florjan."

Mzee akacheka mpaka akashika nguzo. Mvua ilipopungua akamwekea mkononi kifurushi, kipande cha lile jibini letu linalonuka kama soksi za mchunga mbuzi. "La Tone, huyo mvivu. Mwambie lilikaa sana, kama apendavyo."

Lojzka akafungua mdomo. Ukajifunga wenyewe. Akasema asante, akapanda baiskeli.

Sasa ni mbio za jua. Kwetu Ukanc jua halizami, linafichwa. Mlima unalimeza mapema na kivuli kinatembea kwenye maji kuja kwako. Alipopita daraja la mawe kivuli kilikuwa kimeshaingia ziwani. Akakimbizana nacho ukingoni, yeye nchi kavu, chenyewe majini. Nilikuwa nyuma ya rundo la kuni zangu, sikuwa napeleleza, nilikuwa nahesabu kuni. Nikamwona ameitupa baiskeli kwenye nyasi. Mwanga ulikuwa umebaki kwenye mbao za juu tu za kile kibanda, pale penye mashetani.

Akasimama mbele ya ubao. Akagonga kwa kidole kilichokunjwa. Ndani wakanung'unika.

Nikadhani atarudi tena kuchemsha kahawa.

"Tone amekufa," akasema. Sauti ndogo. Kisha kubwa, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya ziwa: "Tone wangu amekufa! Mwezi wa pili. Nilipaswa kuja, sikuja. Msiende. Nimewaletea malkia. Sasa mtakaa na mimi, na mimi sijui kitu, mtanifundisha."

Akapita nyuma, akafungua mlango wa mzinga, akaning'iniza kijumba kati ya masega. Kisha akaketi kwenye kizingiti, akakifungua kile kifurushi, akala jibini la kaka yangu peke yake, lote, machozi yanamtoka, na harufu ikanifikia mimi kwenye kuni. Mule ndani kilio kilikuwa kinashuka. Kinashuka, kinashuka, mpaka ikabaki sauti moja iliyonyooka, kama mtu anayelala.

Kesho yake alipanda tena baiskeli hadi Nomenj kumwambia Florjan. Na nyuki walipokwisha kuila ile sukari na kumtoa malkia wao, alikuja kuniita nishike taa. Tukachungulia. Mayai, kila tundu lina moja, yamesimama kama sindano.

Hiyo ndiyo kweli, na kama mnaona ni ndogo, ngojeni. Maana mchana uleule, mimi shahidi, nyuki wote walitoka nje, wakajipanga mistari miwili kuanzia kibandani mpaka katikati ya ziwa, na malkia akapita kati yao, mkubwa kama njiwa, na kengele za Mtakatifu Yohane zikalia zenyewe, na wale nyuki, kila mmoja, wakavua kofia zao wakanifuata mimi Cene wakaniambia kwa Kislovenia safi—

"Cene! Nyuki wana kofia?"

"Shemeji, redio imezimwa lini?"

"Tangu kwenye pipa la bia. Toa huo ulimi nje, niulete kwenye jiwe."

"Ndogo tu, shemeji, zilikuwa kofia ndo—"