Filamu Isiyo na Sauti Saluni

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikisukwa saluni, La Rochelle, mtaa wetu wa wahamiaji huku kusini mwa Afrika. Kwenye televisheni ilipita filamu ya kale isiyo na sauti: mchukuzi wa bandarini anampenda muuza supu, na meli ya kumchukua mwanamke huyo imeshaanza kutoa moshi.

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, tena yalipita upesi. Mlinzi mmoja Mkongo, aliyewahi kubeba magunia bandarini Kalemie, akajitolea kututafsiria. Huja pale kila Jumamosi, ingawa ana upara.

"Anasema, mama, usiende," alitafsiri, akizungusha kofia mikononi. "Anasema Cape Town ni mbali sana."

Tukatazamana. Filamu haikuwa na Cape Town yoyote. Aliyekata tiketi ya basi la Jumatatu kwenda huko alikuwa msusi wetu, mama wa Bujumbura. Vidole vyake vikasimama kichwani mwangu.

"Na mwanamke anajibu nini?" akauliza bila kugeuka.

"Bado hajajibu."

"Eish! Mwambie huyo papa asijifiche kwenye televisheni. Aseme kwa kinywa chake."

Mlinzi akainuka, jasho likimtoka. "Usiende, mama. Mi nakupenda."

Msusi alisuka mistari miwili kwa haraka. Kisha akachukua simu, akampigia dada yake. "Yaya, usinisubiri. Jumatatu siji."

Wanaume hulalamika kwamba wanawake hatuwaelewi. Labda wajaribu kutamka. Mimi nilirudi nyumbani na mistari miwili iliyopinda, wala sikulalamika.