Posa Yangu na Kipa wa Chungwa

Nakuhadithieni hii kwa sharti moja, mkishacheka msiipeleke Sur, maana huko wanaijua kuliko mimi niliyefikwa, na kila anayeisimulia anaongeza chake, mpaka nasikia wako wanaosema nililia mbele za watu. Sikulia. Macho yalikuwa yakiniwasha kwa moshi wa udi. Hayo mengine yote ni kweli, na aibu ni yangu peke yangu, na wa kulaumiwa ni mdomo huu huu mnaouona.

Siku hizo nikifanya kazi benki Nizwa, huku huku Oman, ijapokuwa kwetu ni Ibra, na meza yangu ilitazamana na meza ya Khalfan, kijana wa Aija, ule mtaa wa Sur ulio ng'ambo ya khori, mkono wa bahari unaoingia mjini. Wazee wake wametoka Unguja kama wangu, kwa hivyo tukisengenya wateja kwa Kiswahili na bosi wetu asifahamu kitu. Khalfan ana dada yake, Rayya, mwalimu wa skuli, niliyemuona mara moja tu alipokuja na mama yake sokoni Nizwa kununua bangili za fedha, na mara moja hiyo ilinitosha, kwani tangu siku ile nikihesabu noti za watu nakosea. Nikamwambia mama, mama akamwambia kaka mkubwa wa marehemu baba, Ami Zahor, na Ami Zahor akasema tutakwenda Sur kuposa.

Mimi nikaingia hofu. Nikamuuliza Khalfan baba yake mtu wa namna gani.

"Si mkali," Khalfan akanambia. "Ila hana mazungumzo. Wageni wanakuja, wanakunywa kahawa, wanaondoka, yeye hajasema neno. Ukitaka afungue mdomo mtajie mpira wa Marnby."

Akanieleza kwamba mzee wake, Bwana Hamoud, alipoondoka Unguja hakuja Oman moja kwa moja, alipitia Uingereza, akakaa miaka mingi katika mji mdogo unaoitwa Marnby akifanya kazi kiwanda cha biskuti. Baadaye ndiyo akaja huku, akaajiriwa serikalini mpaka akastaafu, lakini moyo wake aliuacha kwenye timu ya huko, timu ya daraja la chini ambayo Oman nzima hakuna aliyewahi kuisikia, na kila Jumamosi hukaa na redio yake sikioni akingojea matokeo, na wakifungwa hali chakula cha usiku.

"Timu inaitwaje?" nikauliza.

"Si nimekwambia, Marnby," akasema Khalfan, ambaye amezaliwa hapa hapa na mpira haumhusu, yeye mambo yake magari.

Basi hapo ndipo nilipojiona mjanja. Mtu mwenye akili angesema alhamdulillah, nitakwenda, nitakaa kimya, ami yangu atasema ya kusema, maana ndiyo kazi yake. Mimi nikaenda duka la intaneti, lile lililokuwa nyuma ya msikiti, nikaandika Marnby, na baada ya kungoja mpaka chai yangu ikapoa ukatokea ukurasa wa timu ya mpira, una rangi ya kijani na manjano, umeandikwa juu "Mambo Usiyoyajua Kuhusu Klabu Yetu". Nikayasoma yote. Nikarudi kesho yake nikayasoma tena. Nikajua kwamba timu ilianzishwa na waoka mikate waliokuwa wakicheza asubuhi wakitoka tanurini. Nikajua kwamba walichagua kijani na manjano kwa sababu muuza nguo alibakiwa na kitambaa cha mapazia tu. Nikajua kwamba upepo uliwahi kung'oa paa la jukwaa lao ukaliangusha bustanini kwa padri, na padri akakataa kulirudisha kwa sababu kuku wake walilipenda. Na juu ya yote kulikuwa na kisa cha kipa wa timu nyingine ya mji ule ule, ambacho nilikipenda hata nikawa nacheka peke yangu ndani ya gari. (Kama kuna mwenye kujiuliza kwa nini sikusita hapo niliposoma "timu nyingine ya mji ule ule", na mimi nimejiuliza sana.)

Na sikuishia hapo. Nilikuwa na binamu yangu anasoma Uingereza, nikampigia simu aninunulie skafu ya timu ile, ya sufi, nzito, akampa mtu aliyekuwa akija. Ilipofika Nizwa joto lilikuwa la kuivisha tende, na mimi naikunja skafu ya sufi naiweka mfukoni mwa kanzu, mfuko ukavimba kama nimeiba kuku.

Siku ya posa tukatoka Ibra baada ya sala ya adhuhuri, mimi, Ami Zahor, na wazee wawili wa ukoo. Daraja la Aija lilikuwa bado halijajengwa, tukazunguka na gari. Njia nzima Ami Zahor ananiusia. "Wewe kazi yako kukaa," akasema. "Ukiulizwa hali, sema alhamdulillah. Mengine niachie mimi."

"Nimefahamu, ami," nikasema.

Majlisi ya Bwana Hamoud ilikuwa kubwa na imejaa ndugu zake na majirani, wazee wenye vilemba na bakora, wote wamenyamaza. Nikapita nikiwaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, mpaka nikamfikia mwenyewe, mtu mwembamba, ndevu nyeupe zimechongwa vizuri. "Marahaba," akasema, na hilo likawa neno lake la mwisho kwa muda mrefu. Tukakaa. Sinia la halwa likawekwa katikati, tena karibu na miguu yangu. Khalfan akawa anamimina kahawa, na mimi kwa wasiwasi nikasahau kukitikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, basi nikinywa ananitilia, nikinywa ananitilia, moyo unapiga kama nimekimbia kutoka Ibra kwa miguu.

Ami Zahor akatoa maneno yake, mazuri, ya Kiarabu na Kiswahili, akataja ukoo, akataja dini, akataja ujirani wa wazee wetu Unguja. Bwana Hamoud akaitikia kwa kichwa. Kisha kimya. Kimya kile kilinishinda. Nikajiambia nitasema jambo moja tu, dogo, la kumchangamsha mzee.

"Ami," nikasema, "nasikia wewe ni mtu wa Marnby."

Akageuza kichwa, na macho yake yakafunguka kama dirisha. "Nani kakwambia habari za Marnby?"

Ami Zahor akanikanyaga kidole. Mimi nikadhani ananipa moyo.

Nikaanza na waoka mikate. Nikapita kwenye mapazia. Wazee wa Sur walikuwa hawajui ninazungumza nini, lakini padri na kuku zake waliwafurahisha, mmoja akatikisika mabega akicheka, na mimi nikiona watu wanacheka basi tena, sina breki. Bwana Hamoud peke yake alikuwa ananiangalia tu, hacheki, hakasiriki, na mimi nikaona bora nimpe kile kisa nilichokiweka akiba.

"Na yule kipa wa chungwa, ami," nikasema. "Yule wa timu ile nyingine. Mechi kubwa ya kombe, mji mzima umekuja, mpira uko mbali upande wa pili, yeye kageuka kaomba chungwa kwa mtu nyuma ya goli, analila. Mpira ukapigwa kutoka katikati ya uwanja. Yule bwana mkono mmoja una chungwa, kaogopa kulitupa, akataka kuudaka mpira kwa mkono mmoja, ukampita tobo. Wanasema mpaka leo timu yake ikija wanatupiwa machungwa uwanjani."

Na nikasimama, jamani, nikasimama katikati ya majlisi ya watu kuonyesha jinsi kipa alivyodaka, mkono mmoja juu na mmoja chini.

Hakuna aliyecheka. Wazee wote walikuwa wamemtazama Bwana Hamoud, na mimi nikamtazama, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nikaona nimeharibu, ila sikujua nimeharibu nini, na mtu asiyejua alichoharibu hutengeneza kwa kuharibu zaidi. Nikatia mkono mfukoni. "Nimekuletea zawadi, ami," nikasema, nikaivuta ile skafu, ndefu ajabu, kijani na manjano, inatoka haiishi.

"Ya Rovers," akasema Bwana Hamoud polepole.

"Naam, ami."

"Mimi ni Town."

Timu ile nyingine, ya yule kipa! Nilitamani ardhi ya Aija inimeze. Nikaanza kuikusanya skafu kwa haraka irudi mfukoni, ncha yake ikatua ndani ya sinia la halwa, na halwa ya Oman mnaijua, ikishika imeshika. Nikavuta. Haikuachia. Nikavuta kwa nguvu, sinia likaja nalo, likapinduka juu ya mapaja ya Ami Zahor, na kanzu yake nyeupe ikawa ya zaafarani kuanzia kiunoni mpaka magotini. Ami Zahor alifumba macho tu, kama mtu anayesoma dua.

Khalfan akaja mbio na vitambaa na maji ya moto, mimi nimepiga magoti nafuta, nazidi kupaka, na katika kufuta kule ndipo nikamsikia Bwana Hamoud akizungumza juu ya kichwa changu, sauti ya chini.

"Lile chungwa nilimpa mimi."

Nikaacha kufuta.

"Alikuwa anafanya kazi na mimi kiwandani," akasema. "Nilipofika mji ule nilizunguka na sanduku langu, kila mlango wenye chumba cha kupangisha wakiniona mimi chumba kimekwisha chukuliwa. Yeye akanipeleka kwake, akanipa chumba cha mtoto wake, mtoto akalala sebuleni. Nikawa Jumamosi nakwenda kusimama nyuma ya goli lake. Siku ile nilikuwa na chungwa, nimelimenya kama tunavyomenya kwetu, ganda limeshuka kama mkufu. Akalitamani. Nikampa."

Hata wanawe walikuwa hawajapata kukisikia kisa hicho, nilimuona Khalfan kasimama na birika limeinama, kahawa inamwagika zuliani.

Sasa mtu yeyote hapo angenyamaza. Mimi nikainua kichwa, mikono imeganda halwa, nikasema, "Kumbe ami umo kwenye intaneti."

Nasikia neno hilo ndilo watu wa Sur wanalolipenda zaidi.

Bwana Hamoud akanitazama. "Hiyo intaneti," akaniuliza, "inasema nini juu yake baadaye?"

"Haisemi kitu, ami."

"Haisemi. Msimu ule ule timu ikamwacha. Akabaki na biskuti zake. Nimekaa nyumbani kwake miaka baada ya hapo, na hata siku moja hakunitajia chungwa. Watoto wakimzomea njiani, mimi niko naye, ananiambia tuharakishe tusipate mvua."

Nikasema, "Nisamehe, ami." Na safari hii ilitoka ndani, haikuwa ya kupamba.

Akawaambia wazee niliokuja nao, "Jibu mtaletewa inshallah," tukaondoka. Kurudi Ibra Ami Zahor alikaa kiti cha nyuma juu ya mfuko wa plastiki. Tulipopita mji wa Kamil nikajaribu kumuomba radhi, akasema, "Mwanangu, niachie angalau mpaka tufike," nikamuachia.

Wiki zikapita. Kazini Khalfan anazungumza na mimi habari za kazi tu, nipe muhuri, chukua muhuri. Mimi niliona yamekwisha, na kilichoniuma zaidi ya Rayya, mniamini msiniamini, ni yule mzee, kwamba jambo alilolinyamazia umri wote nimelicheza mbele ya majirani zake kwa mikono na miguu. Nikarudi duka la intaneti, nikamwandikia mwenye ule ukurasa, kwa Kiingereza changu cha benki, kwamba kipa yule alikuwa mtu mwema aliyempa mgeni nyumba, na kama watakiacha kile kisa basi waongeze na hilo. Hawakunijibu.

Siku moja Khalfan akaja na kiti chake akakaa karibu yangu. "Mmekubaliwa," akasema.

Nikadhani anafanya mzaha. Nikamuuliza imekuwaje.

"Mama ndiye aliyesema. Kasema mwanamume mwenye mdomo kama ule hawezi kuwa na siri hata moja, akiwa na mke wa pili tutajua siku hiyo hiyo. Rayya akacheka, akasema haya."

"Na baba?"

"Baba kauliza tu kama siku ya ndoa itabidi useme sana."

Tukaoana msikitini Aija, baada ya alasiri. Ami Zahor kavaa kanzu mpya, kakaa ubavuni mwangu, mkono wake uko juu ya goti langu na vidole vimekaza. Sheikh akamaliza yake, akanambia niseme nimekubali. Nikasema qabiltu. Sheikh alikuwa mtu mpole, akanitazama kwa huruma akaniuliza kama bwana harusi ana neno lolote angependa kuwaambia waliohudhuria. Mbele yangu Bwana Hamoud akainua macho, na vile vidole vya Ami Zahor vikaingia nyamani.

Nilikuwa nalo, wallahi. Zuri kabisa, nilikuwa nimelitunga tangu Nizwa. Nikatikisa kichwa, nikatazama zulia, na mpaka leo sijamwambia mtu yeyote lilikuwa neno gani, na nyinyi msiniulize.