Vidole Juu ya Khanga

Mama yangu hakupenda kupigwa picha. Ukimwelekezea simu anageuka upesi, utadhani ameitwa. Alikuwa na picha moja tu ya maana, ya kitambulisho, amenuna kama kakamatwa na mgambo. Ndiyo tuliyoikuza na kuiweka juu ya jeneza lake mwaka juzi.

Picha zake nyingine zilikuwa za vidole. Kibaraza chetu cha kushonea kipo Kariakoo, mbele ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Ukuta umeliwa na unyevunyevu, na nyuma ya mteja hakukosi mkokoteni. Basi mteja akishavaa nguo mpya, mama alipanda stuli nyuma yake, akanyoosha khanga kwa mikono miwili ifiche ukuta, mimi nikapiga picha. Juu ya khanga vilionekana vidole vinne huku, vinne kule, kimoja kimevaa subana, kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano, ambacho hakukivua hata akila.

Mwaka huu msimamizi wa hoteli moja alitafuta fundi wa sare, akaniambia nimtumie linki ya kazi zangu. Linki sikuwa nayo. Nilikuwa na simu yenye ufa na picha za miaka sita. Jirani yangu anayeuza simu akaniwekea programu ya akili mnemba.

"Dada, we ongea nayo tu kama unavyoongea na mimi," akasema. "Inakujengea tovuti fasta, we unakunywa chai."

Kweli bwana. Iliniuliza nashona nini, kwa ajili ya nani, napenda rangi gani. Kisha ikapendekeza picha zote zisafishwe zifanane, nyuma pawe peupe. Nikabonyeza ndiyo. Haraka haraka haina baraka, na mimi nimelelewa na mtu aliyenisomea methali hiyo kila nilipokamata mkasi kabla ya kupima mara ya pili. Picha zikarudi zinapendeza ajabu. Simu ikalalamika imejaa, nikafuta zile za zamani zote, zisirudi tena. Nilijiona mjanja wa mjini.

Kesho yake, nikiitazama tovuti yangu kwa majivuno, ndipo nilipoona. Wateja wamesimama kwenye weupe mtupu. Khanga hakuna, vidole hakuna. Nilipitia picha moja moja mpaka ya mwisho na mama hakuwamo. Nilimkosa upya kama siku ile ya kwanza, na safari hii aliyemwondoa ni mimi.

Nikaanza kuwapigia wateja. Wengi walishabadilisha simu. Mwisho nikaenda Ilala kwa mama mmoja mwanakwaya, niliyemshonea gauni la harusi ya binti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Picha? Ninayo! Mimi sifutagi kitu, ndo maana hii simu nzito hivi."

Akapekua mahubiri, misiba na migomba ya kwao Kilimanjaro mpaka akaipata. Vidole vyote vinane vilikuwapo.

"Alisimama kwenye stuli pale mpaka mikono ikamtetemeka," akasema. "Pole mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

Nilirudi kibarazani nikaiweka picha hiyo mwanzo wa tovuti, na khanga yake na madoa ya ukuta pembeni. Hoteli wakichukia, shauri yao. Ningeishia hapo ingetosha, lakini moyo una tamaa. Nikaipa programu ile picha, nikaandika: Ondoa khanga, nionyeshe aliyesimama nyuma.

Ikamleta mwanamke. Mrefu, meno yamepangika, hereni za dhahabu, anatabasamu kama yuko kwenye tangazo la sabuni. Vidole ni vya mama, subana ni yake, na vyote vimeunganishwa na mtu nisiyemjua. Nilicheka kwanza, kisha nikalia. Mteja aliyekuwa akisubiri suruali akajifanya anatazama barabarani.

Nikaandika kwa hasira: Huyu siye.

Ikajibu: Samahani. Niambie alikuwaje, nitamrekebisha.

Msibani watu walijaa. Walinipa pole, wakaniambia nijikaze, wakauliza aliugua nini na anazikwa wapi. Alikuwaje, hakuna aliyeniuliza. Nikaanza kuandika. Mfupi. Ana pengo upande wa kushoto. Akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Ananukia mafuta ya cherehani hata Jumapili kanisani. Ananiita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, na akikasirika ananiita fundi.

Mteja akaulizia suruali yake. Nikamwomba asubiri kidogo. Kitufe cha kutuma kilikuwa pale chini ya kidole changu, sikukigusa. Nilijua nikituma nitaletewa mwanamke mwingine, na mimi nilikuwa bado namsimulia wangu.