Nilivyofunga dishwasher mwenyewe Korogwe, na mama mkwe akanionyesha njia ya maji

Wakuu, salamu kutoka Korogwe mjini. Mvua imenifungia ndani tangu asubuhi, milima haionekani kabisa, na jikoni mashine inaunguruma taratibu kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Nimeona niandike hili likiwa bado la moto kichwani.

Yaliyomo yamenitokea mimi, sijasimuliwa. Nimebadilisha majina tu, maana mke wangu naye husoma humu.

Mimi ni mwalimu wa Historia, sekondari. Si fundi. Hilo mlishike mapema, litawasaidia kunielewa huko mbele.

Mke wangu, tumwite Hadija, ni fundi cherehani. Mwaka juzi mikono yake ilianza kupasuka. Mwanzoni tukadhani ni baridi, baadaye ngozi ya vidole ikawa inachanika, uzi unanasa kwenye vidonda, kitambaa cha mteja kinapata damu. Hospitali wakatuambia sabuni na maji ndiyo adui wake mkubwa, akae navyo mbali.

Wakati huohuo baba mkwe alikuwa amefariki, na mama mkwe alikuwa amebaki peke yake kule Bungu, milimani. Akashuka kuja kukaa nasi. Binti yetu Rehema yuko shule ya bweni, kwa hiyo nyumba ilikuwa na nafasi.

Siku ya pili tu baada ya kufika, mama akachukua jiko. Vyombo vyote akaosha yeye. Ukimaliza chai, kikombe kinaondoka mkononi kabla hujakitua. Wakati mwingine nilimwona akirudia sahani ambazo zilikuwa safi, anaziosha polepole huku anatazama dirishani, macho yako mbali sana.

Sasa kwetu sisi Wazigua, mama mkwe ni mtu wa heshima zake. Hukai naye karibu, humtazami usoni muda mrefu. Mimi na yeye ilikuwa ni "shikamoo mama", "marahaba baba, umeamkaje", basi. Karibu mwaka mzima.

Halafu siku moja nikamkuta jikoni ameinama kwenye beseni, ameshika kiuno, hawezi kunyooka. Hakuita mtu. Sijui alikuwa amekaa vile kwa muda gani. Hadija alimshika mkono mmoja, mimi kwa mara ya kwanza nikamshika mwingine, tukampeleka kitandani.

Hapo ndipo wazo la dishwasher, mashine ya kuosha vyombo, liliponiingia.

Nilikuwa nimeshaiona moja Segera, pale njia panda, kwa jamaa anayeuza vitu vilivyotumika: friji, majiko, mashine za kufulia. Nikaenda. Akaniambia ni nzima, kazi iliyobaki ni kuunganisha tu. Tukaelewana, nikaipakia kwenye kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, nikarudi nayo Korogwe nikiwa nimekaa nyuma nimeikumbatia. Mashamba ya mkonge yanapita, mistari yake inafunguka na kufungika, upepo wa uvuguvugu. Nilijiona kama mtu anayepeleka posa.

Mniruhusu nitoke nje ya mada kidogo.

Nimezaliwa Kwaluguru, Handeni. Wenyeji mnajua. Kwetu kiangazi kikikaza, maji ya kuogea ya mtu mmoja yalikuwa yanaosha miguu ya wa pili na kumwagiwa mchicha wa wa tatu. Marehemu mama yangu aliosha sahani kwa kata moja, na zilikuwa safi. Kwa hiyo maji nayajua yakiwa ndani ya ndoo. Yakiwa yanatembea, siyajui. Hilo nilikuja kuligundua nikiwa nimekaa kwenye sakafu iliyolowa.

Turudi kwenye mada.

Jumamosi ile Hadija alienda kwenye kibanda chake cha kushonea. Nikabaki na simu yangu na video za mtandaoni. Confidence ilikuwa juu mno.

Nikatoa kabati moja chini ya sinki, mashine ikaingia kama ilipimwa. Pimamaji sina, nikalaza juu yake chupa ya soda yenye maji nusu, nikatazama maji yamelalia wapi, nikachomeka kipande cha mbao chini ya mguu wa kushoto mpaka ikatulia. Umeme nilikuwa nimeshavutiwa na fundi, plagi yake peke yake. Maji nikayachukua kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye simtank, tangi letu la nje: nikafunga koki kuu, nikakata, nikaweka tee, kile kiungio cha njia tatu, nikazungushia ile tepu nyeupe, nikakaza. Halivuji. Nikajipongeza.

Likabaki bomba la kutolea maji machafu, lile la kijivu lenye mikunjo. Nikatoboa ukuta chini kabisa, karibu na sakafu, nikalipitisha nje mpaka kwenye mtaro unaokwenda kwenye migomba. Akili yangu iliniambia maji yanapenda kushuka, basi niyarahisishie.

Muda wote huo mama mkwe alipita mlangoni mara tatu hivi. Hakuuliza kitu. Nami sikumwambia kitu. Nilitaka kumfanyia surprise.

Nikapanga vyombo, nikaweka kidonge cha sabuni, nikabonyeza.

Wakuu, ile sauti ya kwanza ya maji yanaingia! Nilitabasamu peke yangu.

Nikasubiri kusikia yanaanza kurushwa ndani. Wapi. Yanaingia tu. Dakika kumi, yanaingia. Ishirini, yanaingia. Taa nyekundu ikaanza kukonyeza, mashine ikazima. Nikafungua: sahani kavu kama nilivyoziweka, kidonge mahali pake.

Nikarudia. Vilevile. Nikatoka nje kutazama, nikakuta migomba inakunywa maji masafi yenye kung'aa. Simtank imeshuka mpaka nusu. Mtu wa Kwaluguru mimi, roho iliniuma kuliko ningekatwa kisu.

Mara ya tatu nikawasha nikakaa chini, nikaegemeza kichwa kwenye mlango wa mashine ili nisikie tatizo liko wapi. Ilikuwa mchana wa joto, saa nane hivi. Maji yanapita ndani, shwaa, hayaishi. Usingizi ukanipitia hapohapo.

Nikaota niko kwetu, mama yangu mzazi anachota maji kwenye shimo la mchanga, anamimina kwenye ndoo, na ndoo haijai. Hakasiriki. Anachota tu, anamimina, ananitazama kama anasubiri niseme kitu.

Nilipofungua macho, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Amejifunga kanga zake za safari, begi liko miguuni.

Nikajiinua haraka, nikamwamkia upya kama mjinga.

Akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Rehema, nimekuja kuaga. Naona kazi yangu imepata mwenyewe."

Sikuelewa. Akaendelea, bila hasira hata kidogo, kwamba atapanda gari la kwenda Makuyuni kwa mdogo wake, tusimfikirie vibaya, ametunzwa vizuri. Lakini mtu hakai kwenye nyumba ambayo haina haja na mikono yake. Mume wake alipoondoka, alisema, zile sahani ndizo zilizomfanya aamke asubuhi.

Wakuu, mimi ni mtu wa maneno, nafundisha watoto kwa mdomo. Pale nilichoweza kusema ni kwamba nilimwona siku ile ameshika kiuno, na sikutaka nimkute tena hivyo.

Mashine inaendelea kumeza maji. Nikaona ameinamisha kichwa upande mmoja. Hakuwa ananisikiliza mimi. Alikuwa anasikiliza mashine.

"Haya maji yanakwenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia nje, mtaroni.

"Yanakimbia kabla hayajafanya kazi."

Akanyanyuka, akaacha begi palepale, akazunguka nje mimi nikimfuata. Akachuchumaa polepole, mkono kiunoni, akalishika lile bomba la kijivu, akalifuata kwa vidole mpaka kwenye tundu la ukuta. Kisha akaniambia jambo ambalo video zote hazikuniambia, au ziliniambia nikaruka. Nimelaza mdomo wa bomba chini kuliko tumbo la mashine, hivyo maji yakiingia yanateremka moja kwa moja. Niyape mlima kwanza, ndipo niyaache yashuke. Na juu pale nisizibe, niache pawe wazi papumue, la sivyo yatavutana yenyewe na kuondoka yote.

Nikamuuliza amejuaje.

Akasema wao Bungu walikuwa na mfereji. Maji yanatoka kwenye chemchemi juu, yanazunguka ubavu wa mlima mpaka kwenye mashamba, na kila nyumba ina zamu yake. Baba yake hakuwa na mtoto wa kiume wa kumsaidia, akamfundisha yeye: wapi pa kuinua udongo, wapi pa kuweka kigogo cha mgomba maji yageuke, wapi pa kuyachelewesha. Siku ya zamu alikuwa analala kifudifudi, sikio chini, anasikiliza kama maji yameanza kufika. Anayasikia kabla hayajaonekana.

Haya yote aliniambia tukiwa tumechuchumaa kwenye tope. Hadija mwenyewe, nilikuja kujua baadaye, hakuwahi kuyasikia.

Nikazima. Nikarudisha bomba ndani, likamwaga sakafuni maji yaliyobaki, nikalipandisha mpaka karibu na usawa wa sinki, nikalifunga kwa kamba ya katani. Nilikuwa na kipande cha bomba nene la plastiki kilichobaki tulipofunga mfereji wa maji ya bati, nikakisimamisha ukutani mdomo ukiwa wazi, kikatoka nje kwa chini, na lile la kijivu nikalitumbukiza juu yake kama kijiti ndani ya glasi. Mama alikuwa anaelekeza kwa kidole tu. Juu kidogo. Hapo. Acha.

Nikabonyeza mara ya nne.

Maji yakaingia. Yakakaa. Halafu kimya kidogo, na ndani kukaanza kunyesha.

Sina neno jingine, wakuu. Mvua kwenye bati, lakini ya mbali, ya kijiji kingine. Tulikaa chini wote wawili, migongo ukutani, miguu imenyooshwa kwenye sakafu iliyolowa, mkwe na mkwe. Jua la alasiri limeingia dirishani likalala kwenye maji ya sakafuni, na dari nzima ikawa inacheza mwanga. Yeye amefumba macho. Midomo inatikisika kidogo, kama anahesabu au anaomba, sikuuliza. Nilihisi kama jiko lile limeng'oka Korogwe likapanda mlimani lenyewe, na hakuna aliyetaka lishuke.

Hadija akatukuta hivyohivyo. Akasimama mlangoni, akatutazama, akalitazama begi.

"Mama, ulikuwa unaenda wapi?"

Mama hakufumbua macho. "Nilikuwa naenda," akasema. "Sasa nasubiri vyombo vikauke."

Hadija alikaa naye upande wa pili, akaweka ile mikono yake yenye vidonda kwenye mapaja ya mama yake. Nikatoka nje nikajifanya naangalia mtaro.

Sasa hivi mashine ni ya mama. Mimi hata kuipanga siruhusiwi, ananiambia naweka sahani zinazoziba njia ya maji. Masufuria makubwa na mwiko wa ugali anaosha kwa mkono, kidogo kidogo, akiwa amekaa. Umeme ukikatika anakasirika kuliko sisi. Vidonda vya Hadija vimefunga, makovu tu ndiyo yamebaki.

Kwa anayetaka kufunga mwenyewe: bomba la maji machafu lipande kwanza, na pale linapoingia kwenye bomba nene paachwe wazi. Sabuni iwe ya mashine yenyewe, ya unga wa kufulia itakujazia povu nyumba nzima. Filter ya chini safisha mara kwa mara. Ukiona umeme unakuzidi, ita fundi, usijaribu.

Lakini somo nililobaki nalo si la mabomba. Yule mama alikaa kwangu karibu mwaka, nikamheshimu mpaka nikasahau kumuuliza chochote. Sikujua alikotoka, wala anachokijua, wala kwa nini anaosha sahani safi. Nilidhani namtua mzigo, kumbe nilikuwa namtoa yeye nyumbani taratibu, kwa nia njema kabisa.

Uwanja ni wenu. Mnaotumia mashine hizi kwenye maji yenye pressure ndogo mnafanyaje? Wataalamu mnisahihishe nilipokosea.

Na wewe mwenye mzee nyumbani uliyempumzisha kazi, kabla hujaandika chochote hapa, inuka ukamuulize kama anapumzika kweli, au amekaa tu. Tutakusubiri.