Lango la Bustani na Mwezi wa Bi Mkubwa

Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Unguja kukaa nasi Aston, Birmingham, Idi yake ya kwanza ilimkuta kwenye kochi, amevaa nguo mpya, udi umefukizwa, visheti viko mezani, na hana pa kwenda. Tulikuwa tumesali, tumekula, tumepiga simu nyumbani. Kabla ya adhuhuri kila kitu kilikuwa kimekwisha. Binti yangu, aliyezaliwa hukuhuku, alijilaza sakafuni na viatu vyake vipya akitazama katuni. Bi mkubwa alimtazama mjukuu wake, akanigeukia mimi.

"Mwanangu, hii Idi au tumefiwa?"

Kwao Unguja Idi bila kwenda sikukuu haijawa Idi. Mtoto huvishwa, hupewa mkono wa Idi, halafu hupelekwa uwanjani kwenye pembea na vibanda vya vitu vya kuchezea. Wakubwa nao huenda, wakisingizia kuwaangalia watoto. Basi nikatia sambusa kwenye mfuko, nikawapandisha wote wawili basi mpaka kwenye bustani ya michezo iliyo ukingoni mwa jiji, ile yenye pembea kubwa ya duara inayoonekana kutoka barabara kuu. Tulikuta lango limefungwa. Majani yakishaanza kupukutika hufungua Jumamosi na Jumapili tu, nami sikuwa na habari.

Pale langoni alisimama mwanamke wa Kizungu, mtu mzima, na koti la mvua, akimgombeza fundi juu ya ua uliolegea. Alituuliza tunataka nini. Nilimjibu kwa ukali, kwa sababu mimi nikiona haya hukasirika. Nikamwambia leo ni sikukuu yetu na mama huyu ametoka mbali. Alitazama baibui jipya la bi mkubwa, akatazama viatu vya mtoto, akatazama mfuko wa sambusa uliokuwa umeanza kulowa mafuta. Kisha akamwambia fundi aache ua, akawashe pembea.

Huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Bodi, na hapo inabidi nieleze Bodi ilikuwa nini. Zamani sana ilitungwa sheria iliyoifanya bustani ile, pamoja na mitaa michache inayoizunguka, kuwa eneo maalumu la kujitawala. Bodi ndiyo iliyosimamia barabara na mitaro ya hapo, ndiyo iliyotoa vibali, na ndiyo iliyoamua lango lifunguliwe lini. Jiji halikuwa na sauti. Wajumbe walichaguliwa na wenye ardhi, na karibu ardhi yote ilikuwa ya kampuni yenye bustani, kwa hiyo kampuni ilijichagulia serikali yake. Nilipomwambia bi mkubwa kwamba ni serikali ndani ya serikali, hakushangaa hata kidogo.

"Kama sie na bara," alisema, akaendelea kuchambua mchele wake.

Tangu siku hiyo tukawa na sikukuu. Mwezi ukiandama, nampigia mwenyekiti simu jioni ileile, naye kesho yake anafungua lango hata ikiwa katikati ya wiki. Habari zikaenea. Wakaja Watanzania wa Selly Oak, wengi wao wanafunzi, wakaja Wakenya, na jirani yangu Mkongo, Mkristo safi wa kwaya, akawa anatukaangia mikate mitamu na kuingoja Idi kwa hamu kuliko baadhi yetu tunaofunga. Bi mkubwa akawa na kiti chake kando ya pembea kubwa, na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Kisha diwani wetu akaanzisha vita na Bodi. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, lakini hakuwa. Ndiye aliyemhangaikia binti yangu akapata shule ya karibu. Alisema watu wa mitaa ile wanatozwa fedha na Bodi lakini hawana kura, na mvua ikinyesha mitaro ya bustani hufurika hadi majikoni mwao. Yalikuwa kweli yote. Nilikubaliana naye kila neno, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kampuni nayo ikajibu kwamba diwani na chama chake wanalipiza kisasi, kwa kuwa iliwapinga hadharani wakati wa uchaguzi. Nadhani na hilo lilikuwa na ukweli wake. Nilikuwa mpokea wageni kwenye kliniki ya meno kule Moseley, na wagonjwa walibishana juu ya Bodi hata wakitoka kwa daktari na midomo iliyokufa ganzi.

Mwisho Bunge likaamua kwamba Bodi ivunjwe, na nafasi yake ichukuliwe na kamati itakayochaguliwa na wakazi. Ramadhani mwaka huo ilikuwa imerudi mpaka Septemba. Mimi na jirani yangu Mkongo tulikwenda kwenye kikao cha mwisho cha Bodi kuaga, na kuhakikisha Idi yetu haisahauliki. Mwenyekiti alianza na sisi. Lango lifunguliwe siku ya Idi, wote wakanyosha mikono, imepita. Nikashusha pumzi. Jambo la pili likawa mkataba mnene kati ya Bodi na kampuni, unaoipa kampuni karibu madaraka yote kwa miaka mingi ijayo, ili kamati mpya ikija ikute mitaro tu. Nao ukapita. Diwani aliinuka, uso mwekundu, akasema tutaonana mahakamani.

"Dada, bale banapigania inchi muzima," jirani yangu alininong'oneza, "siye tunaomba siku moja tu. Une seule!"

Mahakama haikukawia. Jaji alisema wananchi hawakutangaziwa kikao kile kama sheria inavyotaka, kwa hiyo yote yaliyopitishwa siku ile ni batili. Nilikuwa jikoni nakanda unga wa sambusa za futari, redio imewashwa. Nilifurahi kwa ajili ya wale watu na majiko yao. Kisha lile neno "yote" likaniingia: na Idi yetu ilikuwa humo.

Nilimweleza bi mkubwa baada ya kufuturu. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja leso yake.

"Basi mie n'takwenda zangu, Idi ikishapita. Mwambie mume wako anitafutie ndege. Usinune, mwanangu. Hapa nala, nalala, nina mjukuu. Lakini mwaka mzima nangoja siku moja, na siku yenyewe ndiyo hiyo imefutwa. Kukaa kwenye kochi na nguo mpya siwezi tena."

Watu hutaniana sana juu ya mama wakwe. Mimi wangu sikutaka aondoke. Asubuhi akiwa jikoni na redio yake ya Kiswahili, nyumba ilikuwa na joto kabla hata sijawasha hita. Binti yangu alimjibu Kiingereza, yeye akamjibu Kiswahili, na walielewana kuliko mimi na mume wangu. Nililia bafuni kidogo, halafu hasira zikanipanda, na hasira zangu huwa zina manufaa.

Jumamosi diwani alikuwa na kawaida ya kukaa maktaba kusikiliza shida za watu. Nilimpa vidonge vyake. Nikamwambia: ulisema Bodi haikuchaguliwa na sisi, sawa. Wewe tumekuchagua. Yule mama ambaye hatukumchagua alitufungulia lango. Sasa tuone wewe.

Hakukasirika. Alichukua kalamu. "Sawa. Niambie tarehe, nitaipeleka kwenye kikao cha kwanza cha kamati."

"Tarehe hatuijui."

"Mtaijua lini?"

"Mwezi ukiandama. Jioni ya siku ya kabla."

Aliweka kalamu chini. Alisema kamati haiwezi kupitisha siku isiyojulikana, watakwenda kushtakiwa na wao kama Bodi. Akauliza kwa upole kwa nini tusifanye Jumamosi inayofuata. Nilimwambia Jumamosi ni mandari tu, si sikukuu. Kwao bi mkubwa sikukuu ni siku nne nzima. Huku alishasamehe tatu, lakini ile ya kwanza haisamehe. Ndipo nikasema, kwa kujiamini kabisa, kwamba mwezi una njia mbili tu, ama siku hii ama ile inayofuata. Wapitishe zote mbili, sisi tutatumia moja.

"Moja tu?" aliuliza.

"Moja tu," nilisema, na niliamini.

Kikao cha kwanza cha kamati mpya, diwani akiwa mmoja wa wajumbe, kilijaa wanasheria wa pande zote. Ombi letu lilipofika, mjumbe mmoja aliuliza inakuwaje watu wasijue sikukuu yao iko lini. Kabla sijainuka, akainuka yule mwenyekiti wa zamani, sasa ni mwananchi wa kawaida kwenye viti vya nyuma, na koti lake lilelile. Akawaeleza habari ya mwezi mwandamo. Alipatia karibu yote. Wakili wa kampuni akasema wateja wake hawana pingamizi. Diwani akasema kwa mara ya kwanza wanakubaliana. Mikono ikanyoshwa, na ule ukawa uamuzi wa kwanza wa serikali mpya ya bustani: siku mbili, moja itumike, akina mama ndio watakaotangaza.

Kilichonipita ni kwamba akina mama hatujapata kukubaliana juu ya mwezi tangu nilipofika nchi hii; zamani nilimpigia mwenyekiti kwa mwezi wa bi mkubwa, na wengine wakafuata. Jioni ya kungoja ilipofika, nusu ya watu walipata habari kutoka Makka kwamba kesho Idi. Nusu nyingine, bi mkubwa akiwa mbele yao, walipiga simu Unguja wakaambiwa haujaonekana. Mume wangu akawa na Idi, mama yake akawa na saumu, chini ya paa moja, na mimi na simu mkononi nisijue nimtangazie diwani nini. Nikamwambia kesho. Habari ya kesho kutwa sikumgusia.

Siku ya kwanza ilifana sana. Bi mkubwa alikuja na nguo zake za kila siku, amefunga, akaketi kwenye kiti chake akawa anawauzia watu kachori ambazo mwenyewe hazionji. Diwani alikuja na mkewe, akala, akazungushwa kwenye pembea, akatoka uso umegeuka kijani kwa kizunguzungu.

Siku ya pili nilimkuta langoni, amekuja kuhakikisha pamefungwa. Alikuta nusu nyingine ya watu wote wa Kiswahili wa Birmingham imejipanga na nguo zinazometameta, jirani yangu Mkongo ameshatenga mikate, na bi mkubwa mbele kabisa, baibui jipya, hina mpaka viganjani, kamshika mjukuu mkono.

"Uliniambia moja," diwani aliniambia.

"Bibi, are they going to open it?" binti yangu aliuliza.

Bi mkubwa alimtazama diwani kama anavyomtazama muuza samaki.

"Mwambie wao wamepata yao, na sie tumepata yetu. Kila mtu moja."

Nilimtafsiria. Diwani akacheka, akacheka mpaka akashika ua, na akamwashiria mlinzi afungue. Watoto wakapita kwa kishindo. Bi mkubwa hakupita. Alimvuta diwani mkono wa koti, kwani alikuwa bado hajamaliza.

"Na mwambie, mwanangu, ni mtu mzuri huyu, lakini siku mbili chache. Mwakani nataka zote nne."

Diwani akaniuliza mama anasema nini. Nilimwambia anasema asante, kisha nikamshika bi mkubwa mkono, tukaingia ndani kutafuta kiti chake.