Mlango Usio na Ukuta

Sisi tuliochezea vumbi la Kitale tukiwa wadogo tulijenga nyumba nyingi kuliko mafundi wote wa mji ule. Ukuta ulikuwa mstari wa kijiti, mlango ni pengo kwenye mstari. Tulipika tope mkebeni, tukapakua kwenye majani ya mparachichi, na ole wako ukanyage mstari. "We! Umepita ukutani!" dada yangu Nekesa angefoka. "Toka nje, bisha hodi!" Hata mama, akipita na karai la nguo kichwani, alisimama penye pengo na kuuliza, "Hodi wenyewe?" Asiposikia karibu, haingii. "Siwezi kujiingilia kwa watu kama kuku," alisema, nasi tukajiona watu wenye mji wao.

Miaka mingi baadaye, shule niliyofundisha ilipofungwa, nikajikuta Jeddah, mtaa wa Aziziya, mfanyakazi wa nyumbani mwenye digrii ya historia. Baba mwenye nyumba alipenda vitu vikongwe vya Ulaya. Vilifika kwa lori kutoka Riyadh: nguzo za mawe, vyuma vya madirisha vilivyopindwa kama mizabibu, hata meko ya marumaru ya kuotea moto. Kwenye joto la Jeddah! Na mlango wa mbao kutoka Ufaransa, uliosimamishwa na fremu yake katikati ya bustani, pande zote nyasi na yasmini. Alfajiri, ukiwa na umande, ulikuwa kama nyumba iliyosahau kuja.

Nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio na nilishaharibu. Nilisugua kitasa cha shaba cha mlango ule mpaka kikang'aa kama kipya; kumbe ule weusi ndio walioununua. Historia niliisoma, kisha nikaisugua. "Kosa jingine moja," madam, mke wa mwenye nyumba, alisema, "nakurudisha ofisini." Ofisini, kwa wakala aliyenileta, maana yake ndege ya kurudi, na watoto wangu wawili walikuwa ndiyo kwanza wamerudi shule kwa mshahara wangu.

Jioni moja wageni walikaa ng'ambo ya mlango. Nikaja na sinia la gahawa, kahawa yao ya Kiarabu. Mtunza bustani alipita pembeni ya fremu kila siku. Miguu yangu ikakataa. Nikasimama mbele ya mlango uliofungwa, walioketi pembeni wakiniona mwili mzima, na mdomo ukasema, "Hodi!"

"Yalla! Pita pembeni!" madam akaita.

"Madam, pembeni ukuta," nikajibu kwa Kiarabu changu cha jikoni. Niliiona pasipoti yangu mkononi mwa kafili, mdhamini wangu.

Mama Mkubwa, mamake baba mwenye nyumba, akainuka na mkongojo wake, akaufungua mlango. "Tafadhali, binti," akanikaribisha, kisha akamgeukia mkwewe. "Mwaka mzima kitu hiki kimesimama hapa. Huyu ndiye wa kwanza kujua ni mlango."

Wageni wakacheka. Madam akajizuia, akashindwa. "Halas, basi," akasema. "Anabaki."

Juzi mwanangu, mtu mzima mwenye ndevu, alinionyesha jumba alilojijengea ndani ya simu: nguzo nyeupe, chemchemi, bustani bila tone la tope. Nikamuuliza watu wanaingilia wapi.

"Mathe, hapa mtu anatokea tu ndani."

Nikamwambia ni nyumba nzuri, na ni nzuri kweli. Ila nilishindwa kuelewa mgeni wake atajuaje kwamba amekaribishwa.